Hina na Asumini: Sanaa ya Uani Mjini Mombasa

Vasco da Gama alipotia nanga mbele ya Mombasa mwezi wa Aprili 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, pamoja na pete ya kuonyesha amani. Amani hiyo haikukaa. Miaka saba baadaye Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, alikuja na merikebu zake akauteka mji, akaupora na kuuchoma moto. Lakini zawadi ile yatwambia jambo kuhusu kisiwa chenyewe: palikuwa na watu waliojua kupanda na kutunza. Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, aliliona hilo mapema. Aliandika kwamba wenyeji hawalimi nafaka, huletewa kutoka bara, ila wana ndizi na ndimu. Akasifu pia usafi wao, jinsi wanavyochota maji kisimani na kuosha miguu kabla ya kuingia msikitini.

Hayo tunayajua kwa sababu wageni waliyaandika. Wageni wenyewe walikuwa wanaume, nao waliishia barazani. Ndani, penye ua na kisima, palikuwa na mimea mingine ambayo haikuliwa wala kupakiwa jahazini kwa magunia, na palikuwa na wanawake walioigeuza kuwa sanaa. Historia ya Mombasa imeandikwa sana kwa mawe. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, ikazingirwa tangu 1696 hadi Waomani walipoitwaa mwishoni mwa 1698, na mwaka 2011 UNESCO wakaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Sanaa ya majani haina ukuta wa kuonyesha. Hina hufifia baada ya wiki mbili tatu, na kikuba cha maua hunyauka asubuhi.

Mhina ni kichaka cha majani madogo na maua yenye harufu tamu. Ni mti wa kaskazini ya Afrika, Uarabuni na Bara Hindi, nchi zilezile ambazo pepo za kusi na kaskazi zilizifungamanisha na pwani yetu. Wamisri wa kale waliitia hina kwenye nywele na kucha za maiti zao. Huku kwetu ushahidi mzuri zaidi umo katika utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858. Kati ya mausia ya dini na ya unyumba, mama yule aliyekuwa mgonjwa anakumbuka kumwambia mwanawe asiache hina, na atunge asumini aziweke kitandani. Mtu aliyeona mauti yakikaribia hapotezi beti kwa mambo ya upuuzi. Kwake mapambo yalikuwa elimu, na elimu hiyo ilipaswa kurithiwa.

Tuitazame basi kazi yenyewe. Majani huchumwa, hukaushwa kivulini yasipoteze nguvu, hutwangwa, huchekechwa mpaka yakawa unga laini kabisa. Unga hukandwa kwa maji ya ndimu au ukwaju, kisha huachwa kwa saa kadhaa. Ukali wa ndimu huitoa rangi iliyojificha ndani ya jani, nayo hushikana na ngozi ya juu, kucha na nywele. Zamani mkono ulipakwa kiganja na ncha za vidole ukafungwa usiku kucha. Kwa maua na matawi, mpakaji alichovya kijiti chembamba, kama vile uchelewa wa mnazi, akachora bila kufuta, maana mstari wa hina haufutiki. Ukibanduliwa ule udongo mkavu, rangi huonekana ya chungwa tu. Baada ya siku moja au mbili hewa huifanya ikolee, ikawa nyekundu nzito. Kazi huendelea kubadilika wakati mpakaji yuko kwake amelala.

Asumini nayo ndivyo ilivyo. Vitumba huchumwa alasiri vikiwa vimefumba, vikatungwa pamoja na mrehani, waridi, mkadi na kilua mpaka vikawa kikuba. Maua hufunguka usiku, kifuani mwa aliyekivaa. Mtungaji amefanya nusu ya kazi, nusu ya pili ameuachia mmea ulio hai. Sijui sanaa nyingine ya pwani inayomwamini mshirika wake namna hii. Hata fundi wa milango ya Ndia Kuu, anayechonga maua na mizabibu ya kupendeza, hupenda ua lake libaki vilevile.

Tena mimea hiyo ilikuwa na kazi ya kumgeuza mtu. Mwari alisingwa kwa singo ya waridi, karafuu na liwa, akafundwa na somo wake, akatiwa hina mikononi na miguuni. Aliyetoka hapo alikuwa mke wa mtu, na kila aliyeuona mkono wake alijua. Mjane akaaye eda ya miezi minne na siku kumi huacha hina na manukato. Maiti naye huoshwa kwa maji yenye majani ya mkunazi.

Miaka ya 1970 Sarah Mirza na Margaret Strobel walikaa na wanawake wa Mombasa wakarekodi maisha yao. Masimulizi ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy yalitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili mwaka 1991. Humo wenyewe wanaeleza arusi, makungwi na ngoma kwa vinywa vyao. Laiti tungekuwa na vitabu kumi vya namna hiyo.

Hatari kubwa zaidi kwa sanaa hii leo ni piko. Wino huu mweusi hukolea upesi, na mistari yake hujazwa hina nyekundu ndani, mtindo unaopendwa sana arusini. Ila weusi huo mara nyingi ni rangi ya nywele ya dukani yenye kemikali iitwayo PPD. Kwa baadhi ya watu huchoma ngozi, hutoa malengelenge na kuacha kovu. Mwili ukishaikataa mara moja, huikataa maisha, hata ndani ya rangi ya nywele. Ulaya sheria hairuhusu ipakwe ngozini. Hapa watoto hupakwa siku ya Idi. Pupa ya kupata rangi kwa saa moja imeivunja ile subira iliyokuwa kiini cha sanaa yenyewe, na sioni fahari yoyote ya kuitetea.

Mhina huota kwa mbegu au kwa kijiti, hupenda jua, huvumilia ukame, na hukaa hata ndani ya kopo kubwa juu ya dari. Mwenye ua Kibokoni au Kuze na aupande. Mwenye nyanya aliyewahi kutunga vikuba na kupamba maarusi na akae naye amrekodi, ataje majina ya wapakaji wa enzi zake. Na wewe bibi arusi, kabla hujanyoosha mkono, muulize mpakaji ametia nini ndani ya kikombe.