Unyonyeshaji katika kambi ya Nyarugusu
Nyarugusu ni kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 mkoani Kigoma, Tanzania, wanakoishi hasa Wakongomani na Warundi. Kwa kina mama wa kambini, kunyonyesha ni kinga ya kwanza ya mtoto, kwani maziwa ya kopo yakikorogwa kwa maji yasiyo salama huleta kuhara. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akinyonya hadi miaka 2 au zaidi. Hofu na uchovu vinaweza kuchelewesha maziwa kushuka. Kumnyonyesha mtoto mara kwa mara huyarudisha. Mama naye anahitaji chakula, maji, faragha na utulivu.