Skramubani ni Mzunguko Wenye Kikomo

Wasanidi wa programu wanaochanganya utaratibu wa skramu na ule wa kanbani huuita mchanganyiko wao skramubani. Neno hilo linatamkika bila taabu, lakini halimwambii Mswahili kinachotendeka, kwa kuwa limeungwa kwa kipande cha neno la raga na kipande cha neno la Kijapani. Hoja yangu ni kwamba kiini cha skramubani ni kikomo, yaani idadi ya kazi ambazo timu inaruhusu ziwe mkononi kwa wakati mmoja, ndani ya mzunguko wa muda unaojulikana. Kwa hiyo maelezo yanayofaa kwa Kiswahili ni “mzunguko wenye kikomo”. Mahali pazuri pa kuyapima ni Kericho na Bomet nchini Kenya, ambako kazi ya chai haiendi bila mambo hayo mawili.

Tuanze na mzunguko. Mwaka 1986, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka waliandika katika jarida la Harvard Business Review kuhusu kampuni zilizobuni bidhaa mpya kwa kasi, wakazifananisha timu zake na wachezaji wa raga wanaosonga mbele pamoja huku wakipasiana mpira. Wasanidi wa programu Jeff Sutherland na Ken Schwaber wakalichukua jina la skramu kwa ajili ya usanidi wa programu, na mwaka 1995 wakauwasilisha utaratibu wao hadharani. Katika skramu, muda hugawanywa katika vipindi vya mwezi mmoja au pungufu. Kipindi kinapoanza timu hukubaliana lengo; kila siku hukutana kwa dakika zisizozidi 15; kinapoisha huonyesha kilichokamilika, kisha hujitathmini. Kimoja kikiisha kingine huanza papo hapo, na ndiyo sababu nakiita mzunguko. Faida yake ni kwamba mteja anajua lini ataonyeshwa kazi na timu inajua lini itajisahihisha. Udhaifu wake huonekana pale kazi zinapozuka bila kupangwa.

Kikomo ni cha kanbani, nayo ilitoka kiwandani. Taiichi Ohno wa Toyota alivutiwa na jinsi maduka makubwa ya Marekani yalivyojaza rafu kwa kadiri wanunuzi walivyochukua bidhaa. Katika miaka ya 1950 Toyota ilianza kutumia kadi kwa namna hiyohiyo: kituo cha mbele kikishachukua vipuri, kadi hurudi kituo cha nyuma kama idhini ya kutengeneza vingine kiasi kilekile. Pasipo kadi, hakitengenezwi kitu. David Anderson alipoupeleka utaratibu huo kwenye kazi za programu katika miaka ya 2000, alishikilia sharti hilo la kuwekea mpaka kazi zilizoanzishwa. Wengi wamechukua ubao wake wa kazi, wenye safu za vikaratasi, wakaacha sharti. Ubao usio na namba ya kikomo juu ya safu zake ni orodha tu iliyobandikwa ukutani. Corey Ladas, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kilicholieneza jina la skramubani, alianza na timu ya skramu na kuiwekea mipaka hiyo hatua kwa hatua.

Sasa tuitazame chai. Mchai huchumwa kwa raundi: mchumaji huchukua majani mawili na chipukizi lake, kisha huurudia mche uleule baada ya siku 7 hadi 14, kutegemea mvua na baridi. Raundi ikichelewa, machipukizi hukomaa yakawa magumu, na chai yake hupungua ubora. Huo ni mzunguko. Lakini majani yakishapimwa kwenye kituo cha kununulia na kupakiwa kwenye lori, sheria hubadilika. Viwandani, iwe Litein na Kapkatet upande wa Kericho au Tirgaga na Kapkoros upande wa Bomet, majani hutandazwa kwenye vihori virefu vyenye wavu, na feni huyapulizia hewa kutoka chini ili yanyauke kwa saa kadhaa kabla ya kuingia kwenye mashine za kukatakata. Kihori kina kiasi chake. Yakirundikwa kupita kiasi hicho, hewa haipenyi. Majani ya katikati hupata joto, huanza kuwa mekundu, na hakuna mashine huko mbele itakayourudisha ubora uliokwisha kupotea. Msimu wa mavuno mengi unapofika, kutuma malori zaidi kwenye kiwanda kilichojaa hakuongezi chai nzuri, kunaongeza foleni getini. Anayepanga vizuri huanza kwa kuuliza vihori vina nafasi kiasi gani, ndipo apange vituo vya kwenda kuchukua majani. Shamba linahitaji mzunguko na kiwanda kinahitaji kikomo, na ubora wa chai hubaki pale tu vyote viwili vinapoheshimiwa.

Tuchukulie timu ya watu 6 inayotunza programu ya mizani ya kielektroniki kwenye vituo hivyo vya kununulia majani. Ina kazi iliyopangwa: kumtumia mkulima ujumbe wa simu wenye jumla ya kilo zake za mwezi. Ina pia dharura: mizani ya kituo fulani imekataa kuchapisha risiti, na wakulima wamesimama kwenye mvua. Kwa skramu peke yake, ama dharura itaharibu lengo la mzunguko wao wa wiki mbili, ama wakulima wataambiwa wasubiri mzunguko ujao. Kwa kanbani peke yake mizani itatengenezwa, lakini ile kazi ya ujumbe inaweza kusukumwa nyuma mwezi baada ya mwezi ikiwa timu haikujipangia siku ya kuulizana imefikia wapi. Katika mzunguko wenye kikomo, ubao wao una safu nne: zinazosubiri, zinazofanywa, zinazojaribiwa, zilizokamilika. Juu ya safu ya pili imeandikwa 4, na nafasi moja kati ya hizo ni ya dharura. Juu ya safu ya tatu imeandikwa 2. Majaribio yakijaa, aliyemaliza kuandika msimbo haanzishi kazi nyingine. Anakwenda kumsaidia anayejaribu. Kila baada ya wiki mbili wanaonyesha walichomaliza na kuamua kama namba zao zibaki au zibadilike.

Msimamizi aliyezoea kuona kila mtu ana shughuli atauliza: je, huku si kuwaacha watu bila kazi wakati orodha imejaa? Jibu la kwanza ni la hesabu. John Little alithibitisha mwaka 1961 kwamba, mambo yakiwa yametulia, wastani wa kazi zilizo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuzikamilisha mara wastani wa muda ambao kila kazi hukaa humo. Timu inayokamilisha kazi 5 kwa wiki, na yenye kazi 20 mkononi, itamfanya kila aliyeomba angoje wiki 4 kwa wastani. Ikishika kazi 10 bila kupunguza kasi, atangoja wiki 2, na hakuna aliyeongezewa saa za kazi. Jibu la pili limo katika methali: mshika mbili moja humponyoka. Anayebeba kazi tano kwa pamoja hupoteza muda akikumbuka kila moja aliiachia wapi.

Pingamizi la pili hutoka kwa wenye skramu wenyewe. Mwongozo wao wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba anayetumia baadhi tu ya sehemu za skramu hatumii skramu. Ni kweli, na timu inayofuta vikao vya tathmini kisha ikajiita ya skramubani inajidanganya. Lakini kikomo hakifuti kitu. Mwaka 2018 shirika la Scrum.org, ambalo Schwaber mwenyewe alilianzisha, lilitoa mwongozo wa kutumia kanbani ndani ya timu za skramu, ukiongeza mipaka ya kazi na vipimo vya mtiririko bila kuondoa lengo wala vikao. Yupo pia atakayesema kwamba msimbo hauozi kama majani mabichi. Hata hivyo, kazi ya programu iliyoachwa nusu huharibika kwa njia yake: mahitaji ya mkulima hubadilika, sehemu nyingine za programu hubadilishwa, aliyeiandika husahau sababu zake, na anayeirudia hulazimika kuianza karibu upya.

Limebaki pingamizi la istilahi. Wengine watasema tutumie skramubani na yaishe, kwa maana shule za Kenya zimefundisha “tarakilishi” miaka mingi na watu bado husema kompyuta. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Jina la mkopo libaki kwa wanaozungumza na wenzao duniani. Lakini kompyuta ni kitu cha kunyooshea kidole, na utaratibu wa kazi hauonekani. Asiyeuelewa hutundika ubao na kudhani amemaliza. “Mzunguko” na “kikomo” si maneno ya kuunda upya, kila mtu anayo, na anayeyasikia anajua mara moja maswali mawili ya kuiuliza timu yake: mzunguko wetu ni wa siku ngapi, na kikomo chetu ni kazi ngapi?

Basi wanaowafundisha vijana usanidi wa programu, katika vyuo vya Kabianga, Bomet na kwingineko, wawafundishe jina la skramubani pamoja na maana yake kwa Kiswahili, wala wasiukubali ubao wowote wa kazi ambao hauna namba juu ya safu zake.