Kakazi Kadogo

Ukishona chochote nyumbani, utaijua sentensi hii: "Si una mashine? Nishonee tu hapa, ni kakazi kadogo." Mimi hushona mifarishi, yale mablanketi ya viraka yanayoundwa kwa vipande vingi vya vitambaa. Vipande vyangu hutoka Gikomba, kwa mashati na madera ambayo hakuna mtu angeyavaa tena. Tangu majirani wa ploti wasikie mlio wa cherehani, nimeletewa begi la shule, pazia, suruali za kupunguzwa urefu, na gauni la mtu nisiyemjua ambaye binamu yake anajuana na soja wa geti letu. Wote ni watu wazuri. Wote walisema "tu".

Nataka kulifuata hilo neno "tu" lilikotoka. Lakini kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Mfarishi una tabaka tatu: juu viraka vilivyounganishwa, katikati pamba au blanketi kuukuu, chini kitambaa kizima. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono inayopenya zote tatu. Karibu kila mshono ni mstari ulionyooka kwenye kitambaa chepesi. Sasa niletee jinzi yenye zipu iliyokufa. Nifumue mshono wa zamani bila kuchana kitambaa, na kufumua peke yake kunaweza kula nusu ya muda wote. Nibadilishe sindano, maana ile ya namba 11 ninayotumia kwa pamba itavunjika pale jinzi inapokunjwa mara nne. Nahitaji namba 16. Nibadilishe uzi, nibadilishe mguu wa mashine, halafu nikimaliza nirudishe kila kitu kilivyokuwa. Wewe umeona zipu moja. Mimi nimeona Jumamosi ikienda.

Mifarishi ya aina ninayoshona nilijifunza kwa kutazama kazi za wanawake Weusi wa kusini mwa Marekani, na historia yao ndiyo iliyonifungua macho kuhusu hii sentensi. Kwao, kuombwa kushonea wengine kulianza kama amri.

Chukua Elizabeth Keckley. Alizaliwa utumwani Virginia mwaka 1818 na akajifunza kushona kutoka kwa mama yake. Familia iliyommiliki ilipohamia St. Louis ilikuwa imefilisika, na wakaanza kuzungumza juu ya kumkodisha mama yake, aliyekuwa mzee, akafanye kazi kwa watu. Keckley alikataa, akajitolea yeye. Alitafuta wateja, akashona magauni ya wanawake matajiri wa mji, na mapato yakaenda kwa mabwana zake. Katika kitabu chake cha mwaka 1868 anaeleza kwamba kwa sindano yake alilisha watu 17 kwa miaka miwili na miezi mitano, mpaka afya yake ikaanza kudhoofika. Huyo ndiye mtu ambaye alikuwa amewahi kuambiwa kwamba hatakuwa na faida yoyote maishani.

Alipotaka uhuru wake na wa mwanawe, ghafla bei ikapatikana: dola 1,200. Wateja wake walimkopesha pesa hizo, akawa huru mwaka 1855, kisha akalipa deni lote kwa kushona. Baadaye alihamia Washington na kuwa mshonaji wa Mary Todd Lincoln, mke wa rais. Kuna mfarishi wa hariri, ambao uko katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, unaosemekana kuwa wake, na kwamba aliushona kwa masalio ya magauni ya Bi. Lincoln. Gauni lilikwenda Ikulu. Yeye alibaki na vipande, na vipande vikawa kazi yake mwenyewe.

Harriet Powers alizaliwa Georgia mwaka 1837, naye pia utumwani. Baada ya uhuru alishona mfarishi wenye picha za hadithi za Biblia na kuuonyesha kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, aliuona na kutaka kuununua palepale. Powers akasema hauuzwi. Miaka michache baadaye hali ya maisha ilibana, akampelekea Smith na kuomba dola 10. Smith alisema ana 5 tu. Powers alishauriana na mumewe, akazipokea. Kabla hajaondoka alimweleza Smith maana ya kila picha, na baadaye alirudi mara kadhaa kuutembelea mfarishi wake. Leo uko Smithsonian.

Huwa nafikiria zile dola 5. Mwanamke huyu alikuwa ameshona maisha yake yote. Kushona alikofanya kwa ajili ya wengine akiwa mtumwa hakukulipwa hata senti. Na kazi aliyoifanya kwa moyo wake mwenyewe, siku ilipopata mnunuzi, iliuzwa kwa nusu ya bei aliyoitaja. Mkono ni uleule. Watu walikuwa wamezoea kwamba mkono huo haugharimu kitu.

Halafu kuna Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kona ya Mto Alabama, maji pande tatu. Wengi wa wakazi ni wazao wa watu waliokuwa watumwa kwenye shamba la pamba la hapohapo, na jina Pettway, walilolirithi kwa mwenye shamba, bado limejaa kijijini. Kule, kutia viraka na kushona mfarishi ilikuwa kazi moja yenye hatua mbili. Suruali ya shamba ilitiwa kiraka gotini, kisha kiraka juu ya kiraka, na iliposhindikana kabisa ilikatwa ikawa mfarishi. Mwaka 1942 Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mumewe. Alichukua nguo zake za kazi, akazishona mfarishi ili ajifunike navyo vilivyobaki vya mume wake. Ukiutazama unaona kitambaa kilichopauka kwa jua na jasho.

Wanawake wa Gee's Bend waliunganisha viraka kila mmoja kwake, lakini ile hatua ya kushikanisha tabaka tatu mara nyingi waliifanya pamoja. Leo tuko kwako, kesho tuko kwangu. Kwa hiyo walikuwa wakiombana kazi kila wakati. Tofauti ni kwamba kazi ilirudi. Kama shosho yako ni Mkikuyu, muulize kuhusu ngwatio: unalima kwa jirani leo, jirani analima kwako wiki ijayo, na asiyetokea anajulikana. Kama uko kwenye chama cha merry-go-round unajua hesabu hiyo bila kufundishwa.

Mwaka 1966, wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee, kwa msaada wa kasisi Francis X. Walter. Ilikuwa enzi ya kupigania haki ya kupiga kura, na baadhi ya familia zilikuwa zimefukuzwa mashambani kwa kujiandikisha tu. Mifarishi ilipelekwa kwenye minada New York, pesa zikarudi Alabama. Ushirika ulinunua ardhi, na baadhi ya viwanja vikauziwa familia zilizofukuzwa. Mwaka 1972 walipata mkataba wa kushonea kampuni ya Sears foronya za kodurai. Ilikuwa kazi ya kuchosha, kila foronya sawa na nyingine, lakini ilikuwa na mshahara. Masalio ya kodurai yalibebwa nyumbani, yakazaa mifarishi ambayo mwaka 2002 watu wa New York walipanga foleni kuiona katika makumbusho ya Whitney. Mwaka 2006 ikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Sasa turudi Kenya. Singer ilipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, na ilikuwa kati ya kampuni za kwanza kuuza mashine kwa mtindo tunaouita lipa pole pole. Mashine hiyo ilisambaa duniani, ikafika mpaka kwenye veranda za maduka yetu. Pale verandani, aliyeikalia kwa kawaida alikuwa mwanamume: fundi. Alikuwa na futi shingoni, chaki sikioni na bei mdomoni. Mpaka leo ukienda kwake na suruali hakuna anayemwambia ni kakazi kadogo, au ukimwambia atacheka na bei itabaki palepale.

Wanawake walifundishwa kushona kwa njia nyingine. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni, mwaka uleule Hali ya Hatari ilipotangazwa, na vikundi vyake vilifundisha ushonaji, ufumaji, upishi na malezi ya watoto. Shuleni, sayansi kimu ilikuja na vitambaa vya kutarizi vya kufunika makochi. Mafunzo hayo yaliwasaidia wengi, na wako waliojenga biashara kwayo. Lakini somo lililofichwa ndani yake lilikuwa kwamba sindano ya mwanamke ni ya nyumbani, na vya nyumbani havina risiti. Cherehani ikiwa verandani ni kazi. Ikiwa sebuleni ni ukarimu. "Tu" imezaliwa katika umbali huo mdogo kati ya veranda na sebule.

Ndiyo maana sidhani dawa ni kukataa kila mtu. Mtu akija na sare ya mtoto iliyochanika Jumapili usiku na shule ni kesho, nitashona. Nani ataacha mtoto aende na tundu? Ninachokidai ni hesabu. Ama ni biashara, na bei ni ile ya fundi aliye mkabala na steji yetu, bila punguzo la ujirani. Ama ni ngwatio, na kazi itarudi.

Wa kwanza kunielewa alikuwa msusi anayeishi ghorofa ya pili. Sikuhitaji kumweleza mengi, maana yeye huambiwa "nisuke tu mistari miwili mbele" na watu ambao wangelipa bila swali wakiwa saluni. Nilimpunguzia suruali mbili na kumtilia zipu. Yeye akanisuka, saa tano nzima, huku tukihesabu kwa sauti nani anamdai nani. Wiki iliyofuata alileta mfuko wa madera ya marehemu nyanya yake, akauliza mfarishi wa kulalia mtu mmoja ni shilingi ngapi.

Nikamtajia bei yote.