Taimingi: Neno Moja, Kazi Mbili

Makala haya yanahusu neno ambalo mafundi wa magari wa Afrika Mashariki wamelitumia kwa miaka mingi bila kusubiri kikao cha kamati yoyote, nalo ni taimingi. Yafaa tukiri mapema kwamba sisi wenyewe, katika rasimu ya orodha ya istilahi za ufundi, tuliliandikia fasili moja tu. Kosa hilo tulilitambua Sibwesa, upande wa Mpanda katika Mkoa wa Katavi, mbele ya pikipiki iliyokuwa imefunguliwa injini.

Pikipiki ile ilikuwa ya kijana abebaye abiria, na ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Fundi aliizungusha magineti mpaka herufi T ikalingana na alama iliyo kwenye kava, maana yake pistoni imefika juu kabisa, ndipo akaivika cheni kwenye gia ya kamshafti. Tulimwuliza kama hiyo ndiyo taimingi. Akajibu kuwa ndiyo, kisha akatuonyesha herufi F iliyo kando ya T, akasema na hiyo ni taimingi, ila ni ya moto. Atakayezichanganya atakosea jino la cheni, na pistoni itaweza kuipiga valvu ikaipinda. Mwenye pikipiki, aliyekuwa amechuchumaa kando akisikiliza, hakucheka.

Kwa msomaji asiye fundi, tueleze. Kamshafti ni chuma cha mviringo chenye nundu zinazofungua valvu kwa zamu. Katika injini ya mipigo minne, ya aina aliyoifanikisha Nikolaus Otto huko Ujerumani mwaka 1876, krenkshafti huzunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja. Ndiyo sababu gia ya kamshafti ina meno mara mbili ya ile inayoiendesha. Kufunga taimingi ya kamshafti, basi, ni kuhakikisha kwamba kila valvu inafunguka na kufunga pistoni ikiwa mahali panapostahili. Taimingi ya moto ni jambo jingine: ni pale plagi inapotoa cheche. Kwenye magari ya zamani fundi aliweza kuisogeza kwa kuzungusha distributa kidogo tu huku injini ikinguruma. Ile ya kwanza haiguswi mpaka injini ifunguliwe.

Historia ya magari ya mashindano inatuongezea tofauti ya tatu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 yalishindwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller kwa gari la Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo akiwa na Lofty Drews. Gari hilo lilikuwa na injini ya silinda 6, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, na kamshafti yake ilikaa juu ya silinda ikivutwa na cheni ndefu. Cheni ikitumika sana hulegea, na kamshafti huchelewa nyuma ya krenkshafti. Waundaji waliliona hilo, wakatoboa gia ya kamshafti matundu matatu. Fundi aliyeifunga upya injini hiyo alilinganisha kwanza pingili zilizong'arishwa za cheni na alama za gia, kisha akitazama kama kamshafti imechelewa. Ikiwa imechelewa, aliihamisha gia kwenye tundu la pili au la tatu, na kila tundu lilirudisha digrii 4 za krenkshafti. Kwa hiyo kufunga taimingi si sawa na kurudisha taimingi, na mfasiri wa kitabu cha ufundi hana budi kuvitenga vitenzi hivyo viwili.

Wako wanaopendekeza tuseme kurekebisha wakati wa injini. Hatukubaliani nao. Msomaji wa kijijini atafikiri juu ya saa ya mkononi, na neno wakati halimwambii kama anatafuta valvu au cheche. Tunaona afadhali vitabuni tuandike majira ya valvu na majira ya cheche. Mwalimu mmoja alitupinga akisema majira ni ya masika na kiangazi. Ni kweli, lakini wanamaji wa pwani waliliita majira pia elekeo la chombo baharini, na gari limekwisha kuazima usukani kutoka chomboni bila mtu kulalamika. Gereji iendelee na taimingi yake. Hatuna haja ya kuipokonya.

Kuhusu kamshafti yenyewe, tulijaribu kuiita mtaimbo, tukaacha. Mtaimbo tayari ni chuma cha kuchimbia, na tena ni ekseli, na kumwongezea mzigo wa tatu ni kurudia kosa lile lile tulilorekebishwa Sibwesa. Katika rasimu mpya imebaki kamshafti, na taimingi ina vidahizo viwili.