Neema, Inema, Ubuntu: Neno Moja la Imani katika Milima ya Masisi

Makala hii fupi inakusudia kufuatilia historia ya neno neema kama linavyosikika katika makanisa ya Ngungu, kusini mwa Masisi, karibu na mpaka wa Kalehe. Tumelichagua kwa kuwa ndilo neno linalotumika kumwambia mtu aliyevunjika kwamba Mungu bado anamtaka. Katika nchi iliyopitiwa na vita vingi kiasi hiki, maana ya neno la namna hiyo si jambo la wanaisimu peke yao.

Asili yake ni Kiarabu. Kwa watu wa pwani, neema ni mvua, afya na chakula tele. Mwaka wa neema ni kinyume cha mwaka wa njaa. Wamisionari waliofasiri Biblia huko Mombasa na Unguja katika karne ya 19 walilitwika mzigo mpya: fadhili ya Mungu kwa asiyestahili. Mzigo wa kwanza, hata hivyo, haukutuliwa.

Neno lilipofika bara lilipokewa kwa namna mbili. Wakatoliki wasemao Kinyarwanda walilichukua pamoja na sauti yake, likawa inema, nalo lingali katika sala ya Salamu Maria. Waprotestanti walitafuta neno la nyumbani, wakachagua ubuntu, yaani utu wema na ukarimu usiodai malipo. Kitu kitolewacho ku buntu ni kitu cha bure. Huko Ngungu, ambako Kinyarwanda, Kihunde na Kiswahili hukutana, mhubiri husema neema na mkalimani akajibu ubuntu. Mwenye kuzijua lugha zote mbili husikia kauli mbili zinazokaribiana bila kulingana: moja inanukia mavuno, nyingine zawadi.

Hapa historia ya njaa inaingia. Kati ya 1928 na 1929 mashariki ya Rwanda yaliangamizwa na njaa iitwayo Rwakayihura. Daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa katika hospitali ya Gahini, alikwenda Kampala mwaka 1929 akiwa amechoka mwili na roho, akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Urafiki wao ulikuwa chanzo kimojawapo cha Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wafuasi wake waliitwa Balokole, waliookoka. Kwa hao neema haikuwa ghala lililojaa. Ilimfikia mtu aliyekubali kuvunjika, akatubu mbele ya wenzake, mweupe kwa mweusi, bwana kwa mtumishi. Msomaji wa Kiswahili atatatizika kidogo, kwa sababu kwetu kuvunjika moyo ni kukata tamaa. Balokole walimaanisha kuvunjika kwa kiburi, maana iliyo karibu zaidi na Zaburi ya 51. Tena toba yao ilikuwa na gharama. Aliyeiba alirudisha.

Tangu 1937 hadi 1955 serikali ya Kibelgiji ilihamisha makumi ya maelfu ya Wanyarwanda kwenda Kivu, Masisi ikiwa mahali pakuu pa kuwapokea. Ardhi waliyopewa ilikuwa na wenyewe, yaani Wahunde, na ugomvi uliozaliwa hapo haukuisha. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Mwaka uliofuata, nchini Rwanda, watu waliuawa ndani ya makanisa yaleyale walimokimbilia, kama Ntarama na Nyamata. Baadhi ya wauaji walikuwa wabatizwa. Ukweli huu hauna budi kukaa katikati ya mjadala wowote juu ya neema katika nchi zetu, wala hautufai kuupita haraka.

Swali linalobaki ni gumu. Ikiwa neema ni ya bure, je, aliyechoma nyumba ya jirani anaipata bure pia? Imani ya Kikristo inajibu ndiyo, na mimi sioni namna ya kuupunguza ukali wa jibu hilo pasipo kuiharibu imani yenyewe. Lakini neno letu bure lina ncha mbili: kisicho na bei, na kisicho na faida. Mjerumani Dietrich Bonhoeffer alionya mwaka 1937, mwaka uleule uhamisho wa Masisi ulipoanza, juu ya neema iliyofanywa rahisi, msamaha usio na toba. Wahubiri wetu baada ya vita hulisisitiza sana neno samehe, na ni haki yao. Neno rudisha hulitamka kwa sauti ndogo. Mjane ambaye shamba lake linalimwa na mwingine huisikia tofauti hiyo mapema kuliko mwanachuoni. Balokole wa Gahini, pamoja na kasoro zao, wasingemwambia kwamba neema imekwisha kazi yake shamba likiwa bado kwa mwingine.

Wakalimani niliowasikiliza hutumia ubuntu hata mbele ya wasikilizaji waliozoea inema. Mmoja, nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba inema ni ya kuombewa, ila ubuntu mtu anaweza kuudaiwa na jirani yake.