Jeraha Lisilotaka Haraka



Huko Heru Juu, katika milima ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, niliwahi kumjua kijana aliyevunjika mguu. Mganga wa mifupa alimfunga mabanzi, akayakaza sana kwa kamba. Usiku mguu ukavimba, naye akalia kwa maumivu. Wazee wakamwambia: "Vumilia, ndiyo dawa hiyo." Alipofikishwa hospitali, madaktari waliupasua mguu kwa urefu wake, pande zote mbili, wakayaacha majeraha wazi. Mama yake akaniuliza: "Sheikh, mbona mwanangu hawamshoni?"

Swali hilo, msomaji, lina historia ndefu. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka. Ikivimba hukosa nafasi, damu haipiti, na baada ya saa sita hivi nyama huanza kufa. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki 1037, alikwisha kuusia katika kitabu chake Al-Qanun kwamba mabanzi yasifungwe siku ile ile, bali yangojewe mpaka baada ya siku ya tano. Mwaka 1881 tabibu wa Kijerumani, Richard von Volkmann, akaeleza jinsi bendeji iliyokazwa inavyoinyima misuli damu, mkono ukalemaa na vidole vikapinda.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, ambavyo vilifika hata Kigoma na Ujiji mwaka 1916. Huko Ulaya madaktari walioshona upesi majeraha ya vita waliyaona yakioza kwa ndani. Wakajifunza kukata nyama iliyokufa, kusafisha, kuacha wazi, na kushona baada ya siku kadhaa.

Hivyo ndivyo ifanywavyo hata leo. Baada ya siku mbili tatu jeraha hutazamwa tena. Uvimbe ukipungua, hushonwa. Usipopungua, kingo huvutwa kidogo kidogo kwa uzi, mfano wa kamba za kiatu, au hutiwa kiraka cha ngozi ya paja. Kulifunga kwa nguvu ni kuirudisha ile ile kamba ya mganga.

Basi, msomaji, subira ina mahali pake. Mgonjwa aliyefungwa akilia kwa maumivu yanayozidi, vidole vikifa ganzi au kupoa, usimhubirie subira: legeza kamba saa ile ile, umpeleke hospitali. Lakini jeraha likiachwa wazi kwa ujuzi, hapo ndipo usubiri. Kijana yule, alhamdulillahi, anatembea.

Wabillahi tawfiq.