Bendera ya Miezi Kumi: Kenya Huru Ilivyoingia Olimpiki ya Tokyo

Ijumaa ya tarehe 16 Oktoba 1964, fainali ya mbio za mita 800 ilikimbiwa katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo, na kwa washindi wake zikapandishwa bendera tatu. Ya kwanza ilikuwa ya New Zealand. Ya pili ilikuwa ya Canada. Zote mbili zilibeba bendera ya Uingereza kwenye pembe ya juu, maana Canada ilikuwa bado haijachukua ile yenye jani jekundu tunayoijua leo. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nyekundu na kijani, yenye mistari myeupe, na katikati ngao na mikuki. Hiyo haikuwa na alama ya Uingereza hata moja. Umri wake ulikuwa miezi kumi.

Aliyeifikisha pale ni Wilson Kiprugut Chumo, mwanajeshi kutoka Kericho. Medali yake ilikuwa ya shaba, ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya katika mchezo wowote. Tangu siku hiyo Wakenya wameshinda medali nyingi mno hata shaba moja ya zamani ikaonekana jambo dogo. Si dogo. Yeyote anayetaka kujua Kenya huru ilivyojitambulisha kwa ulimwengu aanzie Tokyo, wala asimtazame Kiprugut peke yake.

Wakenya walishawahi kushiriki Olimpiki kabla ya hapo. Walikwenda Melbourne mwaka 1956 na Rome mwaka 1960, ila walikwenda kama watu wa koloni. Nyandika Maiyoro wa Kisii alimaliza wa saba mita 5000 kule Melbourne, na wa sita kule Rome. Mwaka 1958, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff, Arere Anentia na Bartonjo Rotich walirudi na shaba. Kwa hiyo kipaji kilikuwepo. Kilichokosekana ni nchi ya kukiita chake.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, nchi ilikuwa kama nyumba ambayo bado inajengwa huku watu wanahamia. Oktoba 1964 Kenya haikuwa hata jamhuri. Mzee Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu, na Malkia Elizabeth bado alihesabiwa kuwa mkuu wa nchi. Majirani nao walikuwa katika hali hiyohiyo ya mambo kubadilika kila uchao. Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimeungana tangu Aprili, lakini jina lililotumika Tokyo lilikuwa Tanganyika. Jina la Tanzania lilitangazwa tarehe 29 Oktoba, siku tano tu baada ya michezo kufungwa. Rhodesia ya Kaskazini ndiyo iliyokuwa na kisa cha ajabu kuliko zote. Iliingia kwenye sherehe za ufunguzi kwa jina hilo, na siku ya kufunga, tarehe 24 Oktoba, ikawa imepata uhuru. Vijana wake waliwasili Japani wakitoka koloni, wakaondoka wakiwa raia wa Zambia.

Sherehe za ufunguzi zilifanyika tarehe 10 Oktoba. Mwenge uliwashwa na Yoshinori Sakai, kijana aliyezaliwa mkoani Hiroshima siku ileile bomu la atomiki lilipoangushwa, na mataifa zaidi ya tisini yalipita mbele ya Mfalme Hirohito. Afrika Kusini haikuwemo, kwani mwaliko wake ulifutwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Bendera ya Kenya ilibebwa na Seraphino Antao, na hapa nataka nitulie kidogo.

Antao alikuwa mtoto wa Mombasa, wa jamii ya Wagoa, watu wenye asili ya Goa nchini India, aliyesomea shule ya Wagoa mjini humo na kunolewa na kocha Ray Batchelor. Alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi. Mwaka 1962, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth, Australia, alishinda yadi 100 kisha akashinda yadi 220. Hizo ndizo dhahabu za kwanza za Kenya katika mashindano makubwa ya kimataifa. Mkenya wa kwanza kuvaa dhahabu, basi, hakutoka Bonde la Ufa wala hakukimbia masafa marefu. Alitoka Pwani na alikimbia kwa sekunde tisa na nusu. Tokyo hakufika fainali, na baada ya hapo akastaafu. Hata hivyo, siku ya kwanza Kenya huru ilipoingia uwanja wa Olimpiki, Mgoa wa Mombasa ndiye aliyetangulia na bendera mkononi. Sielewi kwa nini jina lake halijulikani kwa kila mtoto wa shule nchini.

Nyuma yake walitembea wachezaji wa mpira wa magongo, karibu wote Makalasinga na Wagoa, vijana wa familia za mafundi, makarani na wafanyabiashara. Nahodha wao alikuwa beki wa Nairobi, Avtar Singh Sohal. Mchezo huo ulikuwa mikononi mwa miamba, India na Pakistan, nao Wakenya walimaliza nafasi ya sita duniani. Ni timu gani ya Kenya ya mchezo wa mpira inayoweza kujisifia nafasi hiyo leo?

Kiprugut naye alipitia jeshini. Siku za ukoloni, jeshi na polisi ndiko Mwafrika mwenye miguu mizuri alikopata muda wa mazoezi, viatu na mashindano. Kipchoge Keino, aliyekuwa naye Tokyo, alitoka chuo cha polisi cha Kiganjo. Keino alishika nafasi ya tano mita 5000. Naftali Temu alikuwepo pia, akarudi mikono mitupu.

Mita 800 zilionekana kama zimeandaliwa kwa ajili ya Peter Snell wa New Zealand, bingwa wa Rome na mwenye rekodi ya dunia. Lakini katika nusu fainali waliowashtua watu walikuwa wawili wengine: George Kerr wa Jamaika na Kiprugut walifika utepeni wote kwa dakika 1 na sekunde 46.1, rekodi mpya ya Olimpiki. Kesho yake Kiprugut hakuwa mtu wa kujificha nyuma. Alikaa mbele na Kerr, huku Snell akibanwa ndani, kwenye njia ya majivu ya makaa. Katika mzunguko wa pili Snell alijinasua, akazunguka kwa nje na kuwapita wote. Crothers wa Canada alikuja kwa kasi mwishoni akachukua fedha. Ikabaki shaba, na Kerr na Kiprugut wakaigombea mpaka hatua ya mwisho. Saa ziliwapa muda uleule, 1:45.9. Waamuzi wakampa Kiprugut.

Ukilitazama vizuri, lile lilikuwa pambano la wana wawili wa nchi changa. Jamaika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1962. Kerr alikuwa na shaba ya mbio hizohizo kutoka Rome, aliyoipata chini ya bendera ya shirikisho la West Indies ambalo halipo tena.

Miaka minne baadaye, Mexico City, mavuno yakawa medali tisa, tatu zikiwa dhahabu. Keino alishinda mita 1500, Temu mita 10,000 na Amos Biwott mita 3000 kuruka viunzi na maji. Kiprugut aliongeza fedha ya mita 800. Hapo ndipo dunia ilipoipa Kenya jina la nchi ya wakimbiaji, na jina hilo likafunika mengine yote.

Upande wa pili wa msafara wa Tokyo, ule wa wachezaji wa magongo, ulikuwa unapungua. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwafanya Wahindi wengi wajione wageni katika nchi waliyozaliwa, wakahamia Uingereza na kwingineko kwa maelfu. Magongo yalipoteza wachezaji, vilabu na makocha. Hayakufa mara moja, kwani mwaka 1971 Kenya ilikuwa ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza mjini Barcelona. Antao mwenyewe aliishia London, akafariki huko mwaka 2011. Kiprugut alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 84.

Timu ya wanaume ya magongo ilicheza Olimpiki mara ya mwisho mjini Seoul mwaka 1988, ikashika mkia. Katika michezo hiyohiyo Paul Ereng alishinda mita 800, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika mbio za Kiprugut, miaka 24 baada ya ile shaba.